Tarehe ya Uongo ni Mbaya Kuliko Kukosa Tarehe

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshaitumia FatFs, maktaba ya kusoma na kuandika mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu ya vifaa vidogo, kwa hiyo sitaeleza kadi inavyoungwa wala faili linavyofunguliwa. Naingia kwenye fanksheni moja tu ambayo maktaba hiyo inawaachia muiandike wenyewe: get_fattime. Maktaba haina saa. Kila inapounda faili au kuhifadhi mabadiliko, inakuuliza sasa ni lini. Jibu ninalolikuta kwenye miradi mingi ni namba moja isiyobadilika, iliyonakiliwa mahali ili kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inyamaze.

Jibu lenyewe ni biti 32: 7 za mwaka kuhesabia 1980, 4 za mwezi, 5 za siku, 5 za saa, 6 za dakika, 5 za sekunde. Biti 5 hazifiki 60, ndiyo maana sekunde hugawanywa kwa 2. Mwaka 2025 unaandikwa 45. Sekunde ya 31 ukiisoma tena unaikuta 30. Kalenda hiyo inakoma 2107. Hapo hakuna ugumu.

Ugumu uko kwenye saa yenyewe. Chukueni DS3231, chipu ya kutunza saa yenye betri yake. Betri yake ikifa na umeme ukakatika, ukirudi inaanza upya tarehe 1 Januari, mwaka 00. Sasa mifano mingi inayosambaa inafundisha hivi: ukiona saa ilipoteza umeme, iwekee tarehe ambayo programu ilikompailiwa. Mezani, siku ya kwanza, ni sawa kabisa. Lakini mstari ule mnausahau humo humo, kifaa kinapelekwa zahanati kurekodi joto la jokofu la chanjo. Programu ilikompailiwa Machi. Novemba betri imekufa, umeme unakatika usiku, unarudi alfajiri, na kifaa kinajiwekea Machi. Mtu anakuja na kompyuta, anapanga mafaili kwa tarehe, na joto lililovuka nyuzi 8 linaangukia mwezi ambao jokofu lilikuwa zima. Muuguzi atupe chanjo zipi? Abakize zipi?

Mtaniambia afadhali tarehe yoyote kuliko kukosa. Nakataa, na nitaendelea kukataa! Tarehe 1 Januari 1980 inajitangaza: anayeiona anajua saa haikuwekwa. Machi ya mwaka huu huu hakuna atakayeitilia shaka, na hapo ndipo madhara yalipo.

Chipu yenyewe inasema ukweli mkiiuliza. Kwenye rejista ya hali, yaani nafasi ndani ya chipu inayoeleza hali yake, anwani 0x0F, biti ya 7 ikiwa 1, saa iliwahi kusimama. Isomeni kila kifaa kinapowaka. Ikiwa 1, get_fattime irudishe 1 Januari 1980. Mwezi 1 na siku 1, si sifuri, maana mwezi wa sifuri haupo. Kisha ndani ya faili andikeni kifaa kimewaka mara ya ngapi na sekunde zilizopita tangu kilipowaka, ili matukio yabaki kwenye mpangilio hata bila kalenda. Biti hiyo msiifute mpaka saa iwekwe na mtu au na mtandao. Na ule mstari wa tarehe ya kukompaili uhamie kwenye programu ya pembeni ya kuwekea saa, usipelekwe zahanati.

Asiye na chipu ya saa kabisa awashe FF_FS_NORTC, mpangilio wa FatFs wa vifaa visivyo na saa, na mwaka wake auweke 1980, si mwaka wa sasa.

Muda unaniishia, haya nayapitia haraka. FAT, mfumo wa mafaili ambao FatFs huuandika kwenye kadi, huhifadhi saa za mahali ulipo bila kusema ni wapi. Sisi tuko +3, yaani saa tatu mbele ya UTC, mwaka mzima, ila kadi ikisomwa London lazima msomaji aambiwe. exFAT, mfumo mwingine wa mafaili, ina nafasi ya kuandika tofauti hiyo. littlefs, mfumo wa mafaili wa vifaa vidogo, haiandiki tarehe yenyewe; mnaiambatanisha kwa fanksheni yake ya lfs_setattr.

Na f_sync, fanksheni ya FatFs ya kuhifadhi faili bila kulifunga, tafadhali. Tarehe na ukubwa wa faili huandikwa kwenye kadi faili linapofungwa au f_sync inapoitwa. Anayeandika mfululizo bila kuiita, umeme ukikatika, data iliyoingia tangu mara ya mwisho haitaonekana kwenye faili, hata saa yake ikiwa sahihi.