Pima umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili

Haya, karibuni. Leo tunapima umbali kati ya miji miwili, kisha tunakadiria ndege itachukua muda gani. Mimi natumia London na New York. Wewe weka miji yako.

Kabla ya kuwasha kompyuta, angalia hapa mezani. Nina tufe la dunia na kipande cha uzi. Ncha moja naibana Tokyo, nyingine New York, navuta mpaka uzi ukaze. Umeona unakopita? Juu kule, Alaska. Sasa ukichukua rula na ramani bapa ya ukutani yenye Pasifiki katikati, mstari wako utakatiza katikati ya Bahari ya Pasifiki, na hiyo ndiyo njia ndefu. Kwa safari za mbali, rula weka kabatini.

Tufe langu lina kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo kila sentimita ya uzi ni kama kilomita 425. London hadi New York napata sentimita 13 na ushee kidogo. Tuone kompyuta inasemaje.

Fungua Google Maps. Bofya London kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kupima umbali, halafu bofya New York. Kwenye simu, gusa mji na ushikilie kidole mpaka pini itokee. Chaguo la kupima utalikuta humo. Mstari ukijipinda usishtuke, ni ule uzi wetu. Inasoma kama kilomita 5,570. Yako ikipishana kidogo na yangu, ni kwamba hatukubofya mahali pamoja.

Sasa muda. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kama kilomita 850 kwa saa. Gawanya 5,570 kwa 850: saa sita na nusu. Ongeza nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Saa saba.

Lakini hapo hatujaugusa upepo. Juu ya Atlantiki kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York unakupiga usoni. Tuseme unakula kilomita 100 kwa saa: zinabaki 750, na safari inakaribia saa nane. Ukirudi London unakusukuma mgongoni, unafika 950, safari inakuwa saa sita na dakika ishirini hivi. Umbali ni uleule.

Mwisho, tiketi. Hapa niliwahi kumpotosha mgeni wangu mwenyewe, nikampigia hesabu ya saa tatu. Tiketi inasema unaondoka London saa tano asubuhi, unafika New York saa nane mchana. Kila saa imeandikwa kwa majira ya mji wake, na New York iko nyuma kwa saa tano. Tatu jumlisha tano, nane. Ila kuna wiki chache mwezi Machi, na wiki moja mwishoni mwa Oktoba, ambapo tofauti ni saa nne, kwa kuwa Marekani na Uingereza husogeza saa zao mbele na kuzirudisha nyuma kila mwaka, lakini si siku moja.

Jaribu ya kurudi: unatoka New York saa moja jioni, unatua London saa moja asubuhi. Safari hii tano unazitoa. Ukipata saba, umepatia.