Mto wa Sufi Una Mwisho?

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wetu. Kabla Kassim hajafungua karatasi yake, na leo naiona ni ndefu kweli kweli, niseme kwanza yaliyonikuta. Wiki hii nyumbani kwangu kumenyesha sufi.

KASSIM: Da Zuhura, tuanze basi na mada. Leo ni mito ya kulalia. Lini ubadilishe, lini ufue...

ZUHURA: Na mimi nasema nini? Mama mkwe kaja kutoka Muheza. Bi Mkubwa mnamjua, yule wa kipindi cha maandazi. Kashuka kwenye basi na gunia, nikajua nazi. Kumbe sufi tupu, ya msufi wake wa nyuma ya nyumba. Asubuhi natoka kuoga, nakuta mito yote imetolewa kibarazani, mishono kaifumua, mwenyewe kakaa mkekani kajifunga kanga puani.

KASSIM: Yote? Mpaka wa shemeji?

ZUHURA: Wa shemeji yako ndio alioanza nao. Akatia mkono ndani, akatoa donge. Donge la kahawia, gumu, kubwa kama limau. Akaliweka sakafuni. Akatoa jingine, akalipanga pembeni ya mwenzake. Hakusema neno! Ukiyanusa yana harufu ya jasho na mafuta ya nywele.

KASSIM: Kwa hiyo mto ulikuwa umekwisha. Hilo ndilo la kwanza kwenye karatasi yangu: dalili za mto uliochoka. Ukunje katikati, uachie. Ukibaki umekunjika vile vile, hauna kazi tena. Ukiamka shingo imekaza, halafu ukilala kwa watu unaamka mzima, tatizo ni mto wako.

ZUHURA: Hilo la kukunja ni la mto wa faiba. Sufi hairuki hivyo hata ikiwa mpya. Sufi unaijua kwa mkono. Unaubonyeza mto taratibu kutoka pembe moja mpaka nyingine, unasikiliza madonge. Na mto wenye madonge haujakwisha, Kassim. Unataka kuchambuliwa.

KASSIM: Kuchambuliwa vipi? Eleza, maana vijana wengi hawajawahi kuona.

ZUHURA: Unafumua mshono wa upande mmoja tu, ule mfupi. Unamimina sufi kwenye mkeka au turubai, juani. Madonge unayapasua kwa vidole, unavuta nyuzi moja moja mpaka zinaachana. Mbegu na vijiti vinaanguka chini, unatoa. Donge lililoshika ukungu au lililolowa mafuta, hilo halichambuliki, unatupa. Halafu, na hapa ndipo Bi Mkubwa alinifurahisha, unafunika yote kwa chandarua cha zamani, pembeni unaweka mawe.

KASSIM: Kwa ajili ya upepo.

ZUHURA: Upepo, na jua lipite. Sasa angalia: asubuhi ile sufi ilikuwa imelala, kirundo kidogo tu cha kusikitisha. Kila baada ya muda anaingiza kijiti chini ya chandarua anaigeuza. Kufika saa saba mchana sufi imefura, imekiinua chandarua chote! Ukiweka kiganja juu unasikia joto linapanda. Sufi ile ile ambayo wewe ungetupa jalalani.

KASSIM: Na hiyo mvua ya sufi imetokea wapi?

ZUHURA: Kitinda mimba wangu. Kakifunua chandarua aone ndani kuna nini.

KASSIM: (Anacheka) Ikafika wapi?

ZUHURA: Ikapita uani, ikaingia kwa jirani. Tena kaanika dagaa.

KASSIM: Masikini dagaa! Haya, turudi. Swali ambalo wasikilizaji watauliza: si afadhali kuufua tu mto mzima kwenye beseni?

ZUHURA: Usithubutu.

KASSIM: Hapo tunakubaliana, na sababu yake naipenda sana. Unyuzi wa sufi ndani ni mtupu, hewa tupu, na nje una nta. Maji hayaingii. Ndiyo maana sufi ilijazwa kwenye majaketi ya kujiokolea ya mabaharia. Katika vita vya pili vya dunia, Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, Marekani ikakosa sufi, kwa sababu nyingi ilikuwa inatoka huko. Ikabidi watoto wa shule wapelekwe maporini kuchuma maganda ya mmea mwingine wenye nyuzi zinazoelea.

ZUHURA: Watoto wa shule?

KASSIM: Na magunia yao. Baharia anaelea baharini kwa kitu ambacho mtoto kakichuma kando ya barabara.

ZUHURA: Hilo nitamwambia Bi Mkubwa, atalala nalo. Sasa malizia: kama haiingii maji, kwa nini mto ukifuliwa unaharibika?

KASSIM: Maji yanakaa katikati ya nyuzi. Nyuzi zinalala, zinashikana, na mfuko wa nje unabana unyevu. Juu pamekauka, wewe unafurahi, katikati kumebaki baridi. Baada ya muda kunanuka ukungu.

ZUHURA: Hasa sisi wa pwani, hewa yenyewe ni maji. Mto wa sufi msimu wa masika uangalie kama mgonjwa. Likitoka jua, nje. Na jioni uingize kabla umande haujaanguka, uache upoe, ndipo uvishe foronya. Jingine, moto. Sufi inashika moto upesi mno. Wakati wa kuchambua jiko liwe mbali, sigara mbali, na ile dawa ya mbu ya kuchoma usiiweke karibu na kitanda.

KASSIM: Ngoja kwanza. Jirani kasemaje?

ZUHURA: Jirani hana neno. Ila ilivuka barabara. Ilionekana kwenye kibanda cha kinyozi.

KASSIM: (Anacheka sana) Mteja ananyolewa anaona mvi zinaongezeka!

ZUHURA: Mwache kinyozi wa watu. Swali langu: mto huu wa shemeji yako, sufi imefura, mfuko mpya wa kitambaa kizito, mshono mpya. Ni mto wa zamani au mpya?

KASSIM: Wa zamani. Na hapa, da Zuhura, sitakufuata. Ushauri wa kawaida ni mwaka mmoja mpaka miwili kwa mito mingi. Mimi nasema hata wa sufi uwe na mwisho.

ZUHURA: Nani kaipangia sufi mwaka mmoja? Mito ya mama yangu mzazi tumeilalia tangu tukiwa wadogo, kila kiangazi inafumuliwa.

KASSIM: Unajua nyumbani kwangu kuna pumu. Mwanangu akibanwa usiku, mimi ndiye ninayekaa naye mpaka asubuhi. Ndani ya mto kuna wadudu wa vumbi ambao huwaoni kwa macho. Wanakula magamba ya ngozi zetu, wanapenda joto na unyevu, na pwani tumewapa vyote viwili.

ZUHURA: Na jua linawaua.

KASSIM: Jua kali likikausha vizuri linawapunguza, sikatai. Lakini kinachomchokoza mwenye pumu zaidi ni kinyesi chao. Mdudu akifa, kinyesi kinabaki. Kinatolewa kwa maji. Wadudu wenyewe unawaua kwa kufua kwa maji ya nyuzi joto 60. Sasa kitu ambacho hakifuliki, utakisafishaje? Ukishindwa kukifua, kibadilishe.

ZUHURA: Ndiyo maana tunafumua! Vumbi linakung'utwa nje, mfuko unafuliwa kwa maji ya moto, sufi iliyochafuka inatolewa, inaongezwa mpya kutoka mtini. Mto wako wa dukani utaufumua? Unautupa, unanunua mwingine, unautupa. Faiba hiyo ni plastiki, haiozi. Jalala lote la mtaa litakuwa mito.

KASSIM: Na hilo vumbi mnalolikung'uta kibarazani, mtoto mwenye pumu akiwepo?

ZUHURA: Asiwepo. Anayechambua afunge kitambaa, watoto wapelekwe kwa shangazi yao.

KASSIM: Wewe si umesema mtoto alifunua chandarua?

ZUHURA: Wangu hana pumu, Kassim.

KASSIM: Wangu anayo.

ZUHURA: Basi kwako fanya la kwako, sikulaumu. Lakini usiwaambie watu wote watupe mto wenye sufi nzima kwa sababu ya tarehe.

KASSIM: Siwaambii kwa sababu ya tarehe, nawaambia kwa sababu ya kifua.

ZUHURA: Kifua cha nani? Nyumba ngapi hazina mwenye pumu?

KASSIM: Na ngapi zinaye na hazijui? Mtu anakohoa kila alfajiri, anasema ni baridi ya feni.

ZUHURA: Hilo la kukohoa alfajiri aende hospitali, asiende dukani kununua mto.

KASSIM: Aende kote kuwili.

ZUHURA: Hapana.

KASSIM: Haya. Fundi ananyoosha vidole, tumebakiwa na dakika mbili, na karatasi yangu haijafika hata nusu! Kuna mito ya sponji, urefu wa mto kwa anayelala ubavu, mifuko ya zipu ya kuvalisha chini ya foronya...

ZUHURA: Taja moja ambalo haliwezi kungoja.

KASSIM: Watoto wachanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekewe mto, wa sufi, wa faiba, wala kale kadogo ka urembo anakoletewa zawadi. Alale chali, sehemu ngumu kidogo, iliyonyooka. Kitu laini kinaweza kumziba pumzi.

ZUHURA: Hilo nakuunga mkono kabisa. Na bibi akisisitiza mto ili kichwa kikae vizuri, mjibuni kwa adabu, lakini mto uondoke.

KASSIM: Foronya angalau mara moja kwa wiki. Na mto wa sponji usiuanike juani, jua linaufanya uwe wa njano halafu unameguka unga unga. Utie kivulini, kwenye upepo.

ZUHURA: Na wa faiba?

KASSIM: Sabuni kidogo, suuza sana, usiukamue kwa kuusokota...

ZUHURA: Muda, Kassim. Faiba wiki ijayo. Bi Mkubwa bado yupo, nitamleta hapa.

KASSIM: Mlete, nitampokea vizuri. Ila kwa mito ya kwangu nitabadilisha.