Merikebu Iliyoachwa Chini ya Maji

Ndugu zanguni, walimu na vijana, asanteni kwa kunialika. Watu wakisikia msimamizi wa makumbusho hudhani ni mzee mwenye funguo za makabati ya vioo. Funguo ninazo, sikatai. Lakini leo nataka kuzungumzia vitu ambavyo havimo kabatini.

Ngome ya Yesu ya Mombasa mnaijua. Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. (Neno “gereza” lenyewe tumelitoa kwa Kireno igreja, yaani kanisa. Sijui wafungwa wangesemaje.) Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho chini ya James Kirkman, yule aliyechimbua magofu ya Gede. Hayo yote mtayasoma. Tushuke baharini.

Mwaka 1697 Waomani walikuwa wameizingira ngome. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, ikaja kutoka Goa kuiokoa, ikazama pale pale mbele ya kuta. Ikalala kwenye tope karibu miaka 280. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Hamo Sassoon, msimamizi wa wakati ule, na wapiga mbizi wenzake kutoka Marekani, wakaichimbua.

Sasa sikilizeni. Mtungi ukitoka baharini usiuanike juani, hata ukiwa na furaha namna gani. Chumvi iliyouingia itaganda ndani, ivimbe, ibandue uso wote. Utauloweka maji matamu, uyamwage, uuloweke tena, wiki kwa wiki. Mbao ndiyo balaa. Baada ya karne tatu, kinachoushikilia ubao ni maji yaliyomo ndani yake; ukikauka hujikunja na kupasuka. Lazima uulishe dawa mfano wa nta, polepole, miaka na miaka. Na hapo ni ubao mmoja. Merikebu nzima je? Basi waliipima, wakaichora, vyombo vikaletwa juu, mwili wake wakaufukia tena kwa mchanga. Wageni huniuliza, “Mbona hamkuitoa?” Tungeitoa tungeiua.

Nikisema hivi vijana hunitazama kama mtu mvivu.

Haya, tuje nchi kavu. Mzee wa chama cha Gohu akifa, Wagiriama humsimamishia kigango, mti uliochongwa, na roho yake hukaa hapo. Watu wakihama, kigango hakihami. Huachwa mpaka kiliwe na mchwa, na hakuna ubaya. Lakini wakaja wanunuzi wa sanaa, na vijana wenye njaa wakaving'oa usiku. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Kimoja kikaja kuonekana Marekani, huko Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vimerudi, na kilichovirudisha ni ile picha.

Makumbusho ya Denver, huko huko Marekani, nayo yalikubali 2014 kurudisha vigango 30. Vilifika Kenya 2019. Hapo hapakuwa na picha. Aliyeving'oa hakuandika kijiji, aliyeuza hakuuliza, aliyenunua aliona mti mzuri wa kuegemeza ukutani. Vigango 30, na hakuna anayeweza kusema hiki ni cha nani. Ndiyo maana mwanafunzi akija kwangu kujifunza kazi, simpi funguo. Nampa daftari na kalamu.