Neva za Figo na Mgonjwa Aliyefumbwa Macho

Ndugu wasikilizaji, walionisikia siku zilizopita watanivumilia, kwa maana narudi pale pale. Kila inapotajwa tiba ya kushusha presha ya damu kwa kuunguza neva za figo kwa mawimbi ya sauti, naulizwa kwanza presha imeshuka milimita ngapi za zebaki. Swali hilo halitoshi, nami nimechoka kulijibu kana kwamba linatosha.

Mwaka 2010, jaribio lililotumia mawimbi ya redio, si ya sauti, lilitangaza kwamba shinikizo la wagonjwa lilishuka kwa milimita 32 katika miezi 6, na shangwe zikapigwa. Mwaka 2014 likaja jaribio jingine la mawimbi hayohayo ya redio, SYMPLICITY HTN-3, lenye wagonjwa 535. Safari hii kila mmoja alilazwa juu ya meza ileile, akafumbwa macho, akawekewa muziki masikioni, akaingizwa katheta, yaani mrija mwembamba, na kupigwa picha ya ateri za figo, mishipa inayoipelekea figo damu. Ila theluthi moja yao hawakuguswa neva hata moja. Waliounguzwa walishuka kwa milimita 14. Na wale waliofanyiwa kiinimacho, yaani waliolazwa mezani bila kuunguzwa? Karibu milimita 12.

Mtasema basi tiba haifai. Sikusema hivyo. Mtu anayejua kwamba anafuatiliwa humeza vidonge alivyokuwa akivisahau, na kipimo kilichokuwa juu mno siku ya kuandikishwa mara nyingi hushuka chenyewe kikirudiwa. Ndiyo maana nayaamini zaidi matokeo madogo ya RADIANCE II, jaribio la mawimbi ya sauti la mwaka 2023: wagonjwa waliosimamishiwa dawa, wakavalishwa kipimo cha presha mchana kutwa, walishuka kwa milimita 7.9, na wa kiinimacho kwa 1.8. Tofauti hiyo ya milimita 6 iliyopatikana kwa haki ina uzito kuliko 32 za shangwe.

Jinsi neva hizo zinavyoichochea figo kutoa renini, kemikali inayochangia kupandisha presha, na kung'ang'ania chumvi mnaijua, siirudii. Katika njia hii ya mawimbi ya sauti, puto hupitishwa kinenani hadi ndani ya ateri ya figo, maji yanayozunguka ndani yake huupoza ukuta wa mshipa, na mawimbi ya sekunde 7 huunguza neva zilizo nje ya ukuta huo.

Kuna atakayeniuliza kwa nini tutoboe kinena ilhali mawimbi yanaweza kulengwa kutoka nje ya mwili, kama kioo cha kukuzia kinavyokusanya jua hadi karatasi ishike moto. Jambo hilo limejaribiwa, tena kwa kulinganishwa na kiinimacho, katika jaribio la WAVE IV, na tofauti haikuonekana. Kumbukeni kwamba figo hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na shabaha yenyewe ni ya milimita chache.

Madhara na gharama nilikusudia kuyagusa, lakini muda umenitupa mkono. Niseme hili moja: daktari anapoichomoa katheta, hana kipimo cha kawaida pale mezani cha kumwonyesha kama neva zimeungua. Husubiri wiki kadhaa, kisha humvalisha mgonjwa kipimo.