Madhabahu ni ya Nani?

Bwana asifiwe, Baba Askofu, wachungaji wetu, nanyi vijana wa teolojia.

Neno "nabii" tumenyang'anywa. Ukiliona kwenye bango barabarani leo, unajua utakachoambiwa ukiingia: mwaka huu utapata gari, utapata mchumba, viza itatoka. Nimekuja kulidai lirudi kwa Amosi.

Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa, kule Yuda, akatumwa Betheli, katika ufalme wa kaskazini wa Israeli. Hakukemea dhambi kwa jumla jumla. Alitaja viatu, jozi moja tu, ambayo maskini aliuzwa kwa ajili yake. Alitaja mizani za udanganyifu. Na aliyemfukuza Betheli alikuwa kuhani, Amazia, mtu wa madhabahuni kama sisi. Someni Amosi sura ya 7: Amazia alimwambia asitabiri tena hapo, kwa maana ni patakatifu pa mfalme. Aende Yuda akale mkate huko! Amazia aliona kila asemaye anasemea tumbo. Andiko hilo hunitia hofu kila nivaapo kanzu, kwa sababu nabii alinyamazishwa na mtumishi aliyekuwa amesahau madhabahu ni ya nani.

Sisi Wakenya tumewahi kuwa na sauti. Askofu Alexander Muge, Mwanglikana wa Eldoret, alisema watu wa Pokot Magharibi wanakufa njaa, wakubwa wakakanusha. Alisema kuhusu mashamba yaliyonyakuliwa, wakati ambapo hata kunong'ona kulikuwa hatari. Agosti 1990 waziri mmoja, Peter Okondo, aliwaonya hadharani yeye na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Tarehe 14 Muge akaenda Busia, akahubiri. Akiwa njiani kurudi, gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Waziri alijiuzulu. Maswali hayakuisha mpaka leo.

Vijana hupenda sana sehemu ya kifo. Mimi nawaomba mtazame Pokot. Huwezi kutaja njaa ya watu usiowatembelea. Ujasiri wa Muge ulianzia kwenye vumbi la kata zile, akiketi na wenye njaa, kabla ya kufika mimbarini.

Sasa tuje kwetu. Kwa miaka mingi harambee zimewapa wanasiasa kiti cha mbele na maikrofoni, nasi tumepiga makofi. Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, wengi walituuliza tulikuwa wapi. Walikuwa na haki ya kuuliza. Novemba mwaka huohuo maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali kuhusu uongo katika uongozi. Siku chache baadaye Rais akachangia parokia moja ya Soweto, Nairobi: shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na kundi jingine la parokia. Jimbo Kuu likaagiza zirudishwe, na basi lililoahidiwa likakataliwa. Nililia niliposoma taarifa ile, mimi nisiye Mkatoliki.

Lakini zikirudi zile milioni 2, nyumba inajengwa na nani? Hapo nawageukia ninyi waumini mliokaa nyuma. Mnataka mchungaji atakayemwambia mkubwa kama Nathani alivyomwambia Daudi, "Wewe ndiwe mtu huyo." Karo ya watoto wake ikikwama Januari, atapiga simu kwa nani? Wazee wa kanisa, kaeni chini mwezi huu na daftari la sadaka, mjibu swali hilo kwanza.