Geralt si Muuaji

Nimeombwa tena nizungumze juu ya Geralt, shujaa wa vitabu na gemu za The Witcher, anayelipwa kuondoa mazimwi, na najua wengi mmekuja kusikia habari za zile panga zake mbili. Panga mtaziona wenyewe. Mimi nina neno moja, na walionisikia mwaka jana watanivumilia: huyu bwana si muuaji wa mazimwi. Ni fundi. Anaitwa, anakagua, mnapatana bei, na kazi nyingine anaikataa.

Chukueni filamu fupi inayofungua gemu ya kwanza, ya 2007. Vijana huiruka wawahi kupigana. Jamani, msiiruke! Ndiyo hadithi aliyoanza nayo mwandishi Andrzej Sapkowski huko Poland mwaka 1986, kwenye jarida la Fantastyka. Mfalme Foltest kampa mimba dada yake. Mama na mtoto wakafa siku ya uzazi, wakazikwa pamoja, na miaka 7 baadaye mtoto akatoka kaburini, zimwi, anakula watu. Wapo wakubwa wanaotaka auawe, yaishe. Geralt anafanya nini? Anapambana naye usiku, halafu anaingia kwenye jeneza la mawe la yule zimwi, anavuta kifuniko, analala humo. Basi! Zimwi likikosa pa kurudi mpaka jogoo awike mara ya tatu, laana inakatika. Alfajiri anatoka, anakuta binti kajikunyata sakafuni. Anainama amtazame, na binti anamrarua shingo, nusura amtoe roho. Na bado Geralt alimwacha hai.

Namwona mmoja kule nyuma anatikisa kichwa. "Mwalimu, mbona mimi kwenye gemu nimeua mamia?" Umeua wewe, mwenye vidole. Rudi gemu ya 3, ya 2015, kwa yule Baroni. Kile kichanga chake kilichozikwa bila jina kikageuka zimwi, unaweza kukimaliza kwa upanga. Au unambebesha huyo Baroni, baba yake, mikononi, anakipa jina, anakizika chini ya kizingiti, kinageuka mlinzi wa nyumba. Kila nikiuliza nani alichagua upanga, mikono haikosekani. Haya, shusheni.

Naoneshwa saa. Basi haraka. Anaitwa Geralt wa Rivia, lakini Rivia si kwao. Mwalimu wake, mzee Vesemir, aliwaambia wanafunzi wake wajitungie majina, huyu akajiita Geralt Roger Eric du Haute-Bellegarde, mzee akaona upuuzi mtupu. Ikabaki Rivia, mpaka Meve, malkia wa huko Rivia, alipomtunukia cheo vitani kwa jina hilohilo, uongo ukawa kweli. Mama yake, Visenna, mganga, ndiye aliyemtoa akiwa mdogo akalelewe kwa kina Vesemir. Hilo lina siku yake.

Na farasi! Kila farasi wake ni Roach, akiondoka huyu jina anarithi mwingine. Kijana mmoja alinibishia kwamba kwa Kiingereza maana yake mende. Mende wapi! Kwa Kipolandi ni Płotka, kisamaki cha maji baridi.

Maswali. Na asiniulize mtu habari za panga.