Kadi ya Chama na Karo ya Chuo

Mhadhara kwa wafanyakazi wa bandari na familia zao, Tononoka, Mombasa

Assalamu aleikum, na nyote hamjambo. Mwenyekiti ameniomba tuzungumze karo kwa sababu matokeo ya kidato cha nne yametoka na simu zimeanza. Nadhani kila mmoja wenu ameshatiwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mwana wa fulani anayekwenda chuo. Sina ugomvi na michango, nami huchanga. Ila mchango hukusanyika vizuri muhula wa kwanza tu. Muhula wa tatu watu wanatoka kikundini mmoja mmoja, kimyakimya, na mwana bado ana miaka mitatu mbele yake.

Nataka tuzipange pesa kwa bei yake. Ipo pesa ya bure, ipo ya deni nafuu, ipo ya deni la wastani, na ipo ya kutoa roho. Wengi wetu huanzia hii ya mwisho kwa sababu haina fomu.

Ya bure kwanza. Katika mfumo mpya ulioanza 2023, mwanafunzi aliyepangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, huomba ufadhili na mkopo pamoja kwenye HEF, tovuti ya serikali ya kugharamia elimu ya juu, kisha huwekwa katika bendi moja kati ya tano kulingana na hali ya nyumbani kwao. Bendi ya kwanza, serikali inatoa asilimia 70 ya karo kama ufadhili, 25 ni mkopo, na familia inabakiwa na 5. Bendi ya tano, ufadhili ni 30, mkopo 30, na familia inalipa 40. Tuchukue masomo ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Mzazi wa bendi ya kwanza anatafuta 10,000. Mzazi wa bendi ya tano anatafuta 80,000. Masomo ni yale yale na darasa ni lile lile.

Sasa niambieni, ni nani hujaza hiyo fomu? Mzee yuko zamu ya usiku, mama yuko sokoni Kongowea, mwana amekwenda saiba, duka la intaneti. Anayebonyeza ni kijana wa saiba ambaye hata hajui mko wangapi nyumbani. Anaulizwa kipato cha mzazi, anaandika chochote ili foleni isogee. Mtu anayefanya kibarua cha zamu, mwezi huu amejaa na mwezi ujao hana kitu, anaandikiwa ule mwezi aliojaa. Kaeni na mwana wenu. Chukueni slipu za mshahara za miezi kadhaa, vyeti vya kuzaliwa vya nduguze, stakabadhi za karo za wale walioko shule, na cheti cha kifo kama mzazi mmoja ametangulia. Na akiwekwa bendi isiyomstahili, akate rufaa. Msiogope neno rufaa, hamtahitaji wakili.

Najua kuna waliosikia kwamba mfumo huu umefutwa. Disemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, na kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa. Mwana wako asikae nyumbani akingojea majaji. Aombe.

Basari sitakawia nazo. Iko ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maeneo bunge, na hapa tuna maeneo bunge sita, kutoka Likoni hadi Jomvu. Ulizeni pia ya kaunti. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, na mara nyingi huchelewa, kwa hiyo mwana afuatilie mpaka aione imeingia kwenye akaunti yake ya karo.

Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ni deni nafuu, riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza. Kuna wazazi wanaoukataa kwa sababu hawataki mwana aanze maisha na deni, na kwa wengine riba yenyewe ni jambo la dini. Hilo naliheshimu na sina la kuongeza. Lakini yule anayekataa asilimia 4 ya HELB kisha akaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani, wa asilimia 20 kwa mwezi, huyo simwelewi. Mwambieni mwana tu kwamba akimaliza chuo asilikimbie deni, maana faini ni shilingi 5,000 kila mwezi.

Baada ya hapo, kwa deni la wastani, ndiyo Sacco, ushirika wa akiba na mikopo. Nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu. Ukikopa 40,000 ukalipa kwa mwaka mmoja, riba yote haifiki 3,000. Shailoki wetu wa asilimia 20 anataka 8,000 mwezi wa kwanza peke yake. Lakini Sacco inakopesha kwa kipimo cha akiba yako, kwa kawaida mara tatu, kwa hiyo anayepaswa kuanza kuweka leo ni yule ambaye mwana wake bado yuko mbali na chuo. Na sheria ya ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Ukishajaza slipu kwa mkopo wa pikipiki na wa sofa, karo itagonga mlango ikute nafasi haipo.

Sasa chama, nikimaanisha chama cha wafanyakazi. Vyama vyetu na vikundi vyetu vya ustawi vinajua kuzika. Mwanachama akifa, jioni ile ile turubai limeshasimama na pesa ya sanda ipo. Je, mwana wake akiitwa chuo? Tunaanza kutafutana. Tom Mboya alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi alipopanga safari za wanafunzi kwenda Marekani, na ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81. Kwa hiyo elimu ya juu si kazi ngeni kwa chama.

Wafanyakazi wa hospitali New York, wale wa chama cha 1199, tangu 1969 wana mfuko wa mafunzo unaochangiwa na waajiri kwa sababu umeandikwa ndani ya mkataba wao. Hawakuuomba kama sadaka, waliujadili pamoja na mshahara. Mkataba wetu wa pamoja, ule wa chama na mwajiri, ukifika mezani tena, someni rasimu kabla ya wawakilishi kutia sahihi. Tafuteni posho ya nyumba, mtaiona. Tafuteni posho ya likizo, mtaiona. Kisha tafuteni neno chuo. Likikosekana, mtakuwa mmelikosa kwa miaka yote ya mkataba huo.

Mama pale nyuma ameuliza kama binti yake aliyechagua chuo kikuu cha binafsi atapata ufadhili ule. Hapana, mama. Chuo cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili ni wa vyuo vya umma. Kama dirisha la kubadilisha chaguo bado liko wazi, kaeni naye usiku wa leo mpige hesabu mbili, ya hiki na ya kile, kwa miaka yote minne.